M'e Malimpho Achagua Programu ya Barua

Chama chetu cha wafugaji wa kondoo pale Ha Mokoto kilikuwa na wanachama mia mbili na kumi na wawili, na M'e Malimpho Khoabane, karani wetu (kwetu M'e ni mama na Ntate ni baba, kwa heshima), aliwadharau wote sawasawa, bila upendeleo. Mimi, Mohapi, mchambuzi wa sufu, nilidharauliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba nikifumba macho naweza kutambua kwa vidole sufu ya kondoo wa nani, lakini nikiyafumbua sijui leo ni tarehe ngapi. Ya pili, kwamba nikisoma nachezesha midomo. Sikulalamika. Kudharauliwa na mtu anayeijua kazi yake ni afadhali kuliko kusifiwa na mwenyekiti wetu, ambaye alimsifu kila mtu, hata kondoo wenye upele.

M'e Malimpho alizaliwa bondeni kwetu, akasoma kwa masista, akashuka Maseru kupiga chapa katika ofisi ya wakili. Miaka kumi na mmoja alichapa barua za talaka na za mirathi, na nadhani huko ndiko alikojifunza kuwatazama watu kama alivyowatazama, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayekagua sahihi ya kughushi. Mumewe alikuwa mgodini, upande wa pili wa mpaka. Alirudi na kifua kilichojaa vumbi, akafa, na mjane akapanda milima kurudi kutunza kondoo wa mama mkwe. Chama kilimwajiri karani kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kompyuta inawashiwa wapi. Simdhalilishi mtu kusema hivyo. Ndivyo ilivyoandikwa katika muhtasari wa kikao, na mwandishi alikuwa mwenyekiti aliyetangulia.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho cha banda la kunyolea. Kulinuka mafuta ya sufu mwaka mzima. Juu ya bati kulikuwa na paneli za jua na sahani ya mtandao, na mtandao wenyewe ulikuja unapojisikia. Mara nyingi ulikuja asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni chini, ukakaa kama dakika ishirini, ukaenda zake. M'e Malimpho aliuzoea. Alipokea barua zote kwa mkupuo mmoja, zikaingia ndani ya mashine, zikabaki humo. Halafu alikaa nazo kutwa: barua za madalali wa pwani, majibu ya vipimo vya sufu, maswali ya wanunuzi. Alizisoma, akazijibu, majibu yakasubiri foleni, na mtandao uliporudi kesho yake yakaondoka. Ni kama mwanamke anayechota maji alfajiri akapikia mchana kutwa. Kwa miaka kumi na minane alifanya hivyo, na haikupotea barua hata moja iliyopitia mikononi mwake. Maneno hayo yashikeni vizuri: iliyopitia mikononi mwake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu ninaousimulia, mashine ilitoa tangazo. Programu ile aliyoitumia kusomea barua ingefungwa mwishoni mwa mwezi wa nne. Waliokuwa wameitengeneza walimpongeza kwanza, wakamwambia ameandaliwa mpya, nzuri zaidi. Aliijaribu hiyo mpya asubuhi moja. Haikukubali hata kufunguka bila mtandao. Ilipofunguka, kati ya barua ya dalali na barua ya maabara ilichomeka tangazo la dawa ya kupunguza unene.

"Inamtangazia nani?" aliniuliza. "Mimi nina mifupa. Labda kondoo."

Basi alikwenda kumweleza mwenyekiti kwamba atatafuta programu nyingine ya kuweka kwenye kompyuta ya mezani, na kwamba hahitaji chochote ila aachwe afanye kazi. Hapo ndipo alipokosea. Kumwomba Ntate Seabata Lephoto akuache ufanye kazi ni kumkumbusha kwamba kuna kazi.

Ntate Lephoto alikuwa mwenyekiti kwa mwaka wa tisa. Mtu mkubwa, blanketi zuri, kofia nzuri zaidi, na mkononi simu pana ambayo hakuiweka chini kamwe. Aliibeba kioo juu, kwa uangalifu, kama aliyebeba sahani ya mchuzi. Alikuwa na anwani yake mwenyewe ya barua pepe, tofauti na ya ofisi, kwa sababu alisema si heshima barua za mwenyekiti zipitie kwa karani. Katika vikao, kila lilipotajwa jambo lolote, aliigonga simu ile kwa ukucha na kusema, "Hilo nimeshalisoma." Ukimletea habari ya bei, ameshaisoma. Ukimletea habari ya msiba wa jana, ameshaisoma. Tulimwona msomi.

Aliunda kamati ndogo ya watu watano ya kuchagua programu. Watatu kati yao hawakuwahi kugusa kompyuta, na wa nne aliigusa mara moja akapigwa shoti. Wa tano alikuwa yeye mwenyewe. Kisha akaagiza mtaalamu kutoka Maseru, na mtaalamu, kwa bahati njema isiyo na kifani, alikuwa mtoto wa dada ya mkewe.

Kijana huyo aliitwa Katleho. Alifika na viatu vyenye ncha kali katika tope la mwezi wa tatu, akaruka jiwe kwa jiwe hadi mlangoni kwetu kama kuku aliyelowa. Nilikuwepo ofisini. Aliitazama mashine kwa huruma.

"M'e, mnatumia vitu vya kizamani sana," alisema. "Siku hizi barua hazikai ndani ya mashine. Zinakaa kwenye wingu."

"Wingu lipi?"

"Wingu la mtandao, M'e. Huko juu."

"Mwanangu," alisema M'e Malimpho, na akiita mtu mwanangu ujue ameshamzika, "hapa wingu likishuka hatulioni hata zizi. Na likishuka tu, mtandao unakata. Sasa wewe unataka barua zangu uzihifadhi humohumo ndani ya kinachozikata?"

Nilicheka. Katleho hakucheka. Alisema hilo ni wingu la aina nyingine.

"Sawa. Na hiyo aina nyingine ikikata, nasomaje?"

"Haikati."

"Umefika hapa tangu lini?"

"Jana."

"Mtandao umeupata?"

Kijana aliitazama simu yake, akairudisha mfukoni.

Tangu siku hiyo kila mmoja alichagua kwa njia yake. Katleho alikaa kwa mwenyekiti akila nyama na kutengeneza picha za maonyesho. M'e Malimpho alitafuta. Kwa wiki tatu, asubuhi za mtandao, alipakua programu moja baada ya nyingine, nne kwa jumla, na kila moja aliipa mtihani uleule. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kushika waya unaotoka kwenye sahani.

"Chomoa," alisema.

Nilichomoa. Yeye akaanza: afungue barua ya mwaka jana, afungue kiambatisho cha vipimo, atafute jina la dalali, aandike jibu, azime mashine, aiwashe, aone kama jibu bado lipo.

Ya kwanza ilipokosa waya ilikataa kufunguka kabisa, ikaandika kwamba inasikitika. "Isikitike kwao," alisema, akaifuta. Ya pili ilifunguka, ikaonyesha vichwa vya barua vimejipanga vizuri, lakini ukifungua ndani ni weupe mtupu. "Huyu ni Ntate Lephoto," alisema. "Kichwa kipo." Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, rangi zake laini, inakusalimu kwa jina. Siku ya tatu ikataka ilipwe kila mwezi, na siku ya nne ikaanza kumpendekezea majibu. Dalali aliandika kwamba marobota saba yamelowa njiani, programu ikapendekeza ajibu, "Hongera sana!" Alinitazama tu, kana kwamba ni mimi niliyeitengeneza.

Ya nne ilikuwa na alama ya kigogota, ndege yule agongaye miti, na kigogota mwenyewe amechorwa vibaya. Ilitengenezwa na watu wanaojitolea, kila mmoja kwao. Ilikuwa mbaya kwa sura. Vitufe vyake vilikaa mahali ambapo mtu mwenye mama asingeviweka. Lakini nilipochomoa waya haikujua hata kama nimechomoa. Ilifungua kila kitu, ikatafuta kila kitu, ikatunza majibu. Aliizima mara sita, na mara sita ikarudi na barua zake zote.

"Ina sura ya kazi," alisema. Kwa M'e Malimpho hilo lilikuwa shairi zima.

Alichukua siku nne kuhamisha barua za miaka kumi na minane, mwaka kwa mwaka, akihesabu zilizotoka na zilizofika. Hakunikaribisha kusaidia. Alisema vidole vyangu vina mafuta.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi, mwezi wa nne, ndani ya banda. Wanachama walikaa juu ya marobota. Katleho alikuja na mashine ya kuonyeshea picha ukutani, na kwa kuwa ukuta wetu ni mawe, tulitundika mfuko mweupe wa kufungia sufu kwenye boriti. Jenereta ikawashwa nje. Mwenyekiti alifungua kwa maneno mengi, akamkaribisha mtaalamu wetu, kijana wetu.

Picha za mwanzo zilikuwa za watu wenye meno mazuri wakicheka mbele ya kompyuta. Hakuna aliyejua walichekea nini. Kisha Katleho akafungua programu yake yenyewe ili tuione ikifanya kazi. Nje, ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kulifunika bati. Kwenye mfuko kikatokea kiduara, kikazunguka. Tulikitazama. Kikazunguka.

"Kinafanya nini?" aliuliza mtu.

"Kinatafuta mtandao," alisema Katleho.

"Kinazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala," alisema Ntate Qhobela, na banda zima likaanguka kicheko.

Huyo Qhobela mumjue. Alikuwa mfugaji wa juu kabisa, karibu na kilele, mtu asiyesema sana. Miaka miwili nyuma upele wa kondoo ulipita, ukamwachia kondoo tisa kati ya hamsini. Tangu hapo tulikuwa hatujamsikia akitania, ndiyo maana kicheko kilikuwa kikubwa vile.

Mwenyekiti aliona mambo yanaharibika, akatangaza chakula. Tukala ugali na mboga na vichwa vya kondoo, na tulipomaliza ukungu ulikuwa umepanda zaidi na kuondoka. M'e Malimpho akaleta mashine yake, akaiunganisha. Hakutoa hotuba. Alinitazama, akasema, "Chomoa," nikachomoa mbele ya watu wote, naye akafungua barua za mwaka jana, na za mwaka juzi, na majibu ya vipimo vya kila mtu aliyemtaja. Mzee mmoja aliuliza vipimo vya baba yake aliyekwisha kufa. Vikatokea. Watu wakapiga makofi. "Rudisha," akaniambia, nikarudisha.

Kama Katleho angenyamaza hapo, angerudi Maseru na viatu vyake tu vikiwa vimeharibika. Lakini mtu mjinga aliyelipiwa nauli hanyamazi.

"Ni nzuri kwa matumizi madogo," alisema. "Lakini hiyo inabeba anwani moja tu. Chama kikubwa kinahitaji programu inayobeba anwani zote mahali pamoja. Kwa mfano ya ofisi na ya mwenyekiti."

"Inabeba," alisema M'e Malimpho. "Ya mwenyekiti sina neno lake la siri. Sikupewa."

"Iongezeni!" alisema Ntate Lephoto, akisimama. "Mimi sina cha kuficha."

Alifungua kifuniko cha simu yake, na ndani yake akatoa kikaratasi. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa imegandana. M'e Malimpho alilazimika kuifungua kwa ukucha. Nilikuwa karibu, nikaiona karatasi ile, na nakuapieni haikuwahi kufunguliwa tangu ilipokunjwa. Yeye pia aliiona. Kisha akaandika neno la siri, na kigogota akaanza kugonga.

Mwenyekiti alikuwa ameupa mfuko mgongo, akituelekea sisi. Alikuwa ameshaanza.

"Wanachama, kiongozi ni macho ya chama. Kila barua inayoandikwa kwa chama hiki mimi huisoma kabla jua halijachwa. Wengine hulala. Mimi husoma."

Nyuma yake, upande wa kushoto wa mfuko, palikuwa na neno Ofisi, na pembeni yake namba 2. Chini yake neno Mwenyekiti, na pembeni yake namba 14. Namba ile ikawa 90. Ikawa 260.

"Muulizeni hata mke wangu. Atawaambia, mzee yuko na barua."

540. 875.

"Hiyo namba inayopanda ni ya nini?" aliuliza mwanamke mmoja pale mbele.

M'e Malimpho alingoja hadi mwenyekiti avute pumzi.

"Ni barua ambazo hazijasomwa," alisema.

Ntate Lephoto aligeuka. Ilikuwa 1,206, na mbele ya macho yake ikawa 1,300. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeshikwa na ile hali ya kumwona mtu mzima suruali imemdondoka, hujui utazame wapi. Namba ilipanda polepole, mtandao wetu ukijikongoja, miaka tisa ikiingia mlangoni mmoja mmoja. Ilisimama kwenye 4,377.

"Si tatizo," alisema Katleho upesi. "Hii inatokea. Kuna sehemu hapa, ukibonyeza mara moja tu, zote zinaonekana zimesomwa."

"Basi bonyeza," alisema mwenyekiti.

Nimeishi miaka hamsini na sita, nimesikia watu wakisema mengi, lakini sijasikia tena maneno mawili yaliyomvua mtu nguo kama hayo. Nyuma mtu alipiga mluzi.

"Bonyeza wewe, Ntate," alisema M'e Malimpho, akimsogezea mashine. "Mbele ya watu. Kitufe ni hicho."

Hakubonyeza. Aliitazama simu yake, kana kwamba ingemtetea.

Ndipo Qhobela akainuka kwenye robota lake. "M'e," alisema, "hiyo programu si inatafuta maneno?"

"Inatafuta."

"Tafuta upele."

Aliandika. Zikatokea barua tatu, zote kutoka ofisi ya mifugo ya wilaya, zote kwa mwenyekiti, zote za kabla ya ule msimu wa baridi. Qhobela akamwomba asome kwa sauti, kwa kuwa macho yake hayafiki mbali. Ya kwanza ilisema dawa ya josho ipo, tuthibitishe idadi ya kondoo kabla ya tarehe kumi na nne. Ya pili ilikumbusha. Ya tatu ilisema kwa kuwa hapakuja jibu, mgao wa Ha Mokoto umepelekwa bonde jingine.

Mwaka ule mwenyekiti alituambia serikali imetusahau. Tulimlaani bwana mifugo. Alipokuja msibani kwa jirani yetu, hatukumpa mkono wala kiti. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilijiona shujaa.

"Mashine hii imeletwa hapa kunichafua," alisema Ntate Lephoto. Hata mtoto wa dada ya mkewe alikuwa akikunja nyaya zake.

Qhobela hakumtazama mwenyekiti hata kidogo. Nadhani alishamjua zamani. Alimtazama karani.

"Na wewe, M'e, ulikuwa umekaa wapi barua hizi zikija?"

"Hapohapo," alisema M'e Malimpho. "Nyuma ya mlango ule."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Ntate."

Nilingoja aongeze neno. Alikuwa na haki ya kuongeza: anwani haikuwa yake, neno la siri hakupewa, alikatazwa. Hakuongeza. Qhobela akavaa kofia yake akatoka, na tukamsikia akimfungua farasi.

Kura ilipigwa. Programu ya kigogota ilipita kwa mikono yote, na mkono wa mwenyekiti ulikuwa wa kwanza kwenda juu. Kuhusu barua 4,377 iliundwa kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti wa kamati hiyo akawa Ntate Lephoto. Mnadhani natunga. Laiti ningekuwa natunga. Alikaa kitini hadi mwezi wa nane, akaondoka kwa heshima zote kwenda kuwa mshauri katika muungano wa vyama vya wilaya, na tukamchangia blanketi la kumuaga. Hata mimi nilichangia. Lilikuwa blanketi zuri.

M'e Malimpho walimwomba achukue kiti. Wanawake hasa walimbembeleza. Aliwajibu kwamba kiti kile kimekwisha kuwasahaulisha kusoma wanaume wawili, yeye hataki kujaribu bahati, na wakitaka mtu wa kukalia kiti wamchague Mohapi, maana hana cha kusahau. Walimchagua mwalimu mstaafu.

Yeye alikaa na barua zile. Msimu mzima wa baridi, theluji mlangoni, alizisoma kuanzia ya kwanza. Nilikuwa nampelekea makaa, na mara nyingi nilimkuta amejifunika blanketi hadi masikioni, vidole tu nje. Nyingi zilikuwa upuuzi: matangazo, semina, watu waliotaka kutuachia urithi. Hizo alizifuta akizitukana moja moja. Lakini kulikuwa na mnunuzi aliyetaka kuja kuona kondoo wetu, akaandika mara nne. Kulikuwa na chuo kilichotoa nafasi mbili za kujifunza uchambuzi wa sufu, na watoto wangu wakati ule walikuwa na umri wa kwenda. Hilo alinisomea mwenyewe. Hakunitazama aliponisomea.

Siku moja katikati ya mwezi wa saba nilimkuta ameacha kusoma.

"Nilijua hasomi," aliniambia. "Tangu mwaka wa kwanza nilijua. Mtu anayesoma huuliza swali siku moja moja. Yeye hakuuliza."

"Ungefanya nini? Alikukataza."

"Ningemvizia. Ningeomba neno la siri mbele ya mkutano, kama alivyolitoa kwa majivuno siku ile. Lilikuwa jambo la dakika moja." Alisugua vidole. "Nilimdharau mno, Mohapi. Nilimdharau hata sikuona haja ya kumkagua. Nilikaa hapa nikicheka, na mtu anafiwa na kondoo huko juu."

Nikasema makaa ni mabichi, yatatoa moshi. Akaniambia kwa nini nilete makaa mabichi kwa mtu mwenye akili timamu, nami nikashukuru Mungu, maana nilikuwa nimeanza kuogopa.

Alijibu barua zote ambazo bado zilikuwa na mtu wa kumjibu. Wawili walikuwa wamekufa; watoto wao waliandika kushukuru. Kwa bwana mifugo aliandika mistari mitatu tu, akaniomba nitie sahihi pamoja naye kwa niaba ya waliomnyima kiti. Jibu lilifika baada ya siku mbili: "Nilidhani kunyamaza kwenu ndiko kutukana kwenu." Kabla kondoo hawajazaa alipanda mwenyewe na farasi wawili wa mizigo, dawa imo. Tulimpa kiti. Tulimpa viti vitatu, hakujua akalie kipi.

Halafu M'e Malimpho akaanzisha utaratibu ambao mwenyekiti mpya aliulalamikia sana. Kila Alhamisi, mtandao ukishaondoka, alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa banda, upande wa nje, barua ngapi hazijasomwa, za ofisi na za mwenyekiti. Mwalimu mstaafu alisema inamdhalilisha. M'e Malimpho akamjibu ndiyo, hiyo ndiyo kazi ya ile namba. Tangu hapo mwalimu husoma barua zake kila siku, na namba yake haijawahi kupita kumi na mbili, nayo hiyo ilikuwa wiki aliyofiwa.

Qhobela hakuongea na M'e Malimpho mwaka mzima. Lakini Alhamisi alishuka. Alisimama mbele ya mlango juu ya farasi, akasoma namba, akageuza farasi. M'e Malimpho humo ndani alisikia kwato, hakutoka. Nilikuwa nikichambua sufu nikiwatazama wote wawili, nikawaona wapumbavu, na nikaona si kazi yangu.

Wakati wa kunyoa uliofuata, Alhamisi moja, namba ya ofisi ilikuwa tatu. Qhobela alikaa juu ya farasi muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akashuka, akasukuma mlango.

"Hizo tatu ni zipi?" aliuliza.

M'e Malimpho alivaa miwani, akamsomea. Moja ilikuwa ya dalali, kwamba mnada umesogezwa mbele siku mbili. Moja ya maabara. Ya tatu ilikuwa tangazo la trekta.

"Trekta la nini?" alisema Qhobela. "Kule kwangu litapanda na nini?"

"Nimuulize aliyelituma?"

"Muulize."

Akaandika. Nilimsikia akigonga vitufe, na Qhobela akiwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, akimwambia aongeze kwamba mteremko wenyewe hata mbuzi huushuka kwa magoti, naye akimwambia ajifunze kuandika mwenyewe kama anataka kuandika uongo.